Koti la Kuendea Chuo cha Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Barua imefika asubuhi. Karatasi nzito, nembo ya dhahabu, sahihi ya wino wa kijani. Nimeinusa. Inanukia utajiri.

Kuanzia muhula ujao naweza kuhamia Chuo cha Vioo, jengo lile la ghorofa sita ambalo hata ngazi zake ni za kioo. Chuo changu cha sasa sitaki hata kukisikia. Tuko mia tatu darasani. Mimi huketi dirishani, nusu ndani, nusu nje, na mvua ikinyesha upande wangu mmoja husoma ukiwa umelowa. Nasomea ununuzi na ugavi, mwaka wa pili. Yaani nafundishwa kulinganisha bei kabla ya kununua. Mhadhiri wetu tunamwita Bei Tatu, maana hamalizi kipindi bila kutukumbusha kwamba mnunuzi mwenye akili haulizi bei moja, anauliza tatu. Ana noti za manjano na kichekesho kimoja, cha mtu aliyenunua kiatu cha mguu mmoja kwa sababu alipunguziwa nusu. Nimekisikia mara tisa.

Binamu, mtoto wa shangazi, yuko Chuo cha Vioo tangu mwaka jana. Ana kadi ya kuning'iniza shingoni. Anaivaa hadi msalani. Jumamosi alinieleza, bila kuulizwa, kwamba viti vyao vinazunguka. Tangu siku hiyo sina raha.

Nimetangaza habari wakati wa chakula. Baba akauliza ada ni kiasi gani. Nikasema inazidi kidogo ile ya sasa. Inazidi mara tatu na nusu! Nilipoisoma mwenyewe nilihesabu sifuri mara mbili. Malipo ya awali yafike Ijumaa saa sita mchana, na hayarudishwi hata mwanafunzi akifa. Hiyo ya kufa nimeiongeza mimi, lakini barua ilikuwa na sura hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Baba ni fundi cherehani. Duka liko mbele, sisi tunaishi nyuma. Hagusi mkasi kabla ya kuandika vipimo vyote, na leo ameamua kunifanya mimi mteja. Anataka karatasi moja, vyuo viwili, safu mbili. Nipime kila kitu: walimu, masomo, safari, gharama, na kama chuo chenyewe kinanifaa.

Nikapiga mistari. Chuo changu: paa linavuja, chaki inakatika, mlinzi hana adabu. Chuo cha Vioo: lifti, viyoyozi, mlinzi anavua kofia. Karatasi ikajaa, ikapendeza. Mdogo wangu wa kike, tunayemwita Wakili kwa sababu ya maswali yake, akachungulia na kuuliza mstari wa ada uko wapi. Nikamwambia nafasi imekwisha. Akaigeuza karatasi. Upande wa pili mweupe pe! Akanipa na rula. Mtoto wa miaka kumi na mitatu!

Mstari wa ada ukaandikwa. Baba akavua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja, akaukunjua. Kisha akasema iko njia moja tu, nayo ni mashine ya darizi. Fundi wa mtaa wa pili ameitamani siku nyingi, na fedha anazo mkononi.

Nilishtuka. Mashine ya darizi ni ya Mama! Ndiyo inayotia maua kwenye mashuka ya watu na majina kwenye sare, na ndiyo inayomlipia Wakili shule. Mimi nilitegemea labda mkopo, labda shangazi, labda muujiza. Mama aliifunika mashine kwa kitambaa chake, akavuta pembe zikae sawa, akaenda jikoni. Kitu kikanibana kifuani. Nilipomaliza sahani ya pili kikaachia.

Jumatano, 5 Machi

Lahaula!

Nimekwenda ofisi ya udahili ya Chuo cha Vioo kupeleka matokeo yangu. Masomo ishirini na mawili niliyofaulu, mengine kwa jasho, mengine kwa huruma ya wasahihishaji. Karani akayapitia kwa kalamu. Akasema wanayatambua saba. Nikamwomba ahesabu tena. Akahesabu. Akapata sita, akaomba radhi, akarudi kwenye saba.

Maana yake naanza upya mwaka wa kwanza! Miaka miwili ya kulowa dirishani imepotea hivi hivi. Nilidhani ni ada kubwa kwa miaka miwili, kumbe ni minne. Nikashika kaunta. Kaunta nayo ya kioo, nikaacha alama za vidole, akazifuta mbele yangu.

Akanipa orodha ya malipo mengine. Ada ya maendeleo. Ada ya mandhari. Ada ya maegesho! Nikamweleza sina gari. Akasema ni lazima kwa wote. Nikamweleza sina hata baiskeli. Akasema basi eneo langu halitakuwa na msongamano, akanitakia siku njema.

Wakati wa kutoka nilipotea, nikatokea nyuma ya jenereta. Nani amechuchumaa pale? Binamu! Kadi ameitupia mgongoni isichafuke, anakula mkate na yai la kuchemsha kutoka kwenye mkebe wa shangazi. Kumbe chai ya mkahawani kwao ni bei ya suruali. Ameniapisha nisimwambie mtu. Nikamuuliza, na viti je? Akasema vinazunguka kweli, lakini yeye kizunguzungu anacho tayari.

Nimetafakari njia nzima. Nimefikia uamuzi kwamba miaka minne ni elimu nyingi kuliko miwili. Nyumbani waliponiuliza mambo yamekwendaje, nikasema safi. Ya masomo saba sikuyagusa. Wakili alinitazama muda mrefu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Chuo cha Vioo kimetualika sisi wageni kuhudhuria kipindi kimoja, tuonje. Huwezi kuonja bila koti. Mimi sina. Lakini dukani lilikuwapo la kijivu, limetundikwa likimsubiri mwenyewe, na Baba alikuwa amekwenda kununua vifungo. Nikalijaribu. Limenikaa barabara! Kasoro moja tu: nyuzi ndefu nyeupe zimejitokeza mabegani, ovyo ovyo. Nikashangaa Baba anazeeka vibaya. Nikazivuta moja moja, zote, koti likawa safi. Nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Viti vinazunguka! Nilizunguka mara mbili kuhakikisha. Hewa ya baridi, kila mtu ana meza yake, tuko arobaini tu. Nikajiona nimefika. Ndipo mlango ukafunguka.

Bei Tatu! Yeye mwenyewe! Noti za manjano kwapani! Nilidhani amepotea njia, nikataka kumwonyesha kituo cha basi. Akaweka noti mezani, akaanza kusoma pale pale alipotusomea sisi Jumatatu, hadi kikohozi kikaja mahali pake. Akatoa kile cha kiatu cha mguu mmoja. Arobaini wakacheka. Mara tatu na nusu ya ada yangu, na wanacheka kichekesho changu!

Kila baada ya sentensi mbili alikuwa ananitazama. Si usoni. Kwenye kola.

Kisha akauliza mnunuzi afanye nini kabla ya kulipa. Mimi nalijua jibu hilo hata usingizini. Nikainua mkono juu kabisa. Bega likaachia! Nikaushusha haraka, na mkono mzima wa koti ukateleza, ukapita kiganja, ukaangukia meza ya binti wa mbele. Akapiga yowe wakasikia ghorofa ya nne.

Baada ya kipindi Bei Tatu alinisubiri mlangoni. Akasema kwa upole kwamba koti ni lake. Alipimwa wiki mbili zilizopita, na fundi alimwambia arudi Ijumaa. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini nayo ni ya kioo na chini kulikuwa na watu wanatazama juu.

Akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba Jumatatu yuko kwetu na Alhamisi yuko hapa, noti zile zile, mtihani ule ule ila karatasi ya hapa ni nzito. Tena sisi tunampata asubuhi akiwa na sauti, hawa wanampata amechoka. Akataka kujua nilishauliza bei kwenye vyuo vingapi kabla ya kuamua. Nikasema kimoja. Akafumba macho muda kidogo, kisha akaniuliza alama niliyoipata kwenye somo lake. Hiyo nayo nikamwambia.

Koti nimelirudisha mahali pake, upande wenye mkono mbele, upande usio na mkono ukutani. Mkono umo ndani ya begi langu. Nimeamua kukaa kimya hadi malipo yafanyike. Mtu hawezi kuacha mambo njiani kwa sababu ya mkono mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu fundi wa mtaa wa pili akafika na mkokoteni.

Mama alikuwa anaiondolea mashine nyuzi zake, rangi kwa rangi, anazipanga kwenye kopo la biskuti. Nyekundu peke yake, bluu peke yake. Hakuwa na haraka. Nikafungua mdomo niseme ya masomo saba. Nakiri nilifungua. Ndipo akaingia Binamu kutusalimu, kadi inameta kifuani. Nikaufunga.

Baba akashika upande mmoja, mnunuzi upande wa pili. Wakaniambia nishike mlango. Nikaushika! Mama yangu amesimama na kopo lake la biskuti, na mimi nimeshika mlango.

Mashine ilipofika mlangoni ikakwama, kwa sababu kuna mtu alikuwa anaingia. Bei Tatu, amefuata koti lake. Wakaitua mashine chini. Salamu zikapita juu yake. Baba akaenda kulichukua koti kwa fahari, akaligeuza, akabaki amelishika.

Bei Tatu akadhani Baba anajua. Akacheka, akasimulia yote: kipindi, yowe, bega. Akasema tena kwamba anasikitika kunikosa, hasa kwa kuwa nitaanza upya na masomo saba tu katika ishirini na mawili, maana chuo kile humfanyia hivyo kila anayehamia. Nikautoa mkono wa koti begini nikauweka mezani. Hakuna aliyenisaidia kuutazama.

Baba aliuliza kwanza habari za nyuzi. Nani amezitoa? Nikasema mimi, nilidhani ni uchafu. Akakaa chini. Miaka ishirini na mmoja nimeishi nyuma ya duka hili na sijui kwamba koti hushikizwa kwanza kwa uzi mweupe, mwenyewe alijaribu, ndipo lishonwe! Lilikuwa bado linasubiri kujaribiwa! Wakili akasema yeye anajua tangu chekechea.

Mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, habari za masomo saba nilizijua lini. Nikasema Jumatano. Akasema leo ni Ijumaa. Nilitamani anipige kofi liishe. Nililia, mbele ya mhadhiri, mbele ya mnunuzi, mbele ya Binamu. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Mnunuzi aliondoka na mkokoteni mtupu. Mashine ikarudi mahali pake. Mama akafungua kopo na kuanza kuvuta uzi tena, nyekundu kwanza. Saa sita ikapita, mimi niko kwenye kigoda nashona mkono wa koti kwa sindano, Baba amesimama juu yangu, anafumua, narudia. Mara nne.

Na Binamu! Akavua kadi, akamvuta Bei Tatu pembeni na kumwuliza kama chuo chetu kinapokea wanaohamia, na kama kuna nafasi hata dirishani.

Jumapili, 9 Machi

Nimepumzika. Nimetafakari. Mimi ni mtu mwingine.

Nimegundua kosa langu lilikuwa moja tu: niliuliza bei moja. Bei Tatu amesema wazi, ziwe tatu. Jana nimeviandikia vyuo vitatu. Cha kwanza ni ghali kuliko Chuo cha Vioo. Cha pili ni ghali kuliko cha kwanza. Cha tatu hawasemi bei hadi ufike, lakini wana bwawa la kuogelea na farasi. Kimenijibu leo leo! Usaili Jumanne.

Mezani nilimwuliza Mama, kwa mazungumzo tu, kama yule mnunuzi aliacha namba ya simu. Mama akainuka, akaenda dukani, akakalia kiti cha mashine yake. Bado yuko huko.

Dukani kuna suti mpya ya bluu, imetundikwa. Safari hii sifanyi mambo ya haraka. Nimelikagua koti bega kwa bega, nimevuta mikono yote miwili kwa nguvu: imeshonwa kabisa. Suruali sijaikagua. Ina vijiuzi vyeupe kidogo upande wa nyuma, nitavitoa Jumanne asubuhi.