Nyuzi Tatu, Ufunguo Mmoja

Alhamisi, 9 Agosti 1984

Gitaa limekamilika! Sanduku ni lile la sigara nene za padri mzee wa misheni. Mpishi wake alinipa baada ya kumsumbua mwezi mzima. Mbao safi, bado zinanukia tumbaku. Shingo ni mpini wa jembe la dada Evangelina, ambaye hajajua. Nyuzi ni tatu. Za dukani hazipo. Dukani hakuna nyuzi, hakuna sabuni, hakuna sukari, kuna muuzaji tu na rafu zake. Kwa hiyo nimechomoa waya wa breki ya baiskeli ya shemeji Paskasi, mume wa dada, nikaufumua. Breki ya mbele bado anayo, nadhani.

Niandike wazi kwa nini nateseka. Nampenda Genoveva, binti wa katekista Damasi. Genoveva ananipenda pia, au alisema hivyo Pasaka. Lakini Mzee Damasi amesema mshenga wangu asiguse mlango mpaka ijulikane Teodori ana kazi gani hapa duniani. Tangu ghala la ushirika lifungwe, sina. Halafu kuna Marseli, utingo wa lori. Kila akirudi kutoka Arusha anapita kwa Mzee Damasi na mche wa sabuni. Mwanamume naweza kushindana naye. Nitashindanaje na sabuni?

Mpango ni huu. Jumapili ya tarehe 19 ni sikukuu ya kigango. Nitapiga gitaa na kwaya. Mzee Damasi huimba sauti ya nne, atasimama karibu yangu kabisa. Akisikia tu, atajua kazi yangu. Mpiga gitaa wa kwaya! Nilipomweleza Genoveva, alisema baba yake anavuna mbaazi kule Singe na watu hawamtoshi. Ningekwenda siku moja tu kumsaidia ingetosha. Nilimhurumia. Haelewi muziki.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwalimu Konstantini wa kwaya amenionyesha kukaza nyuzi. Uzi mnene do, wa kati so, mwembamba do ya juu. Nikapitisha kidole kwenye zote tatu. Jamani! Sauti moja yenye kifua. Nilikaa chini. Alisema tumeiweka do kwenye G, nami nikaitikia kama mtu anayeelewa.

Jioni Paskasi karudi akichechemea. Breki ya mbele ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, kumbe. Aliteremka mlima wote bila kizuizi, akaishia katika bustani ya kabichi ya mjane mmoja. Ameapa mbele ya dada kwamba hatanisemesha hata neno mpaka waya wake urudi. Nimemjibu kwamba waya sasa ni wa Kanisa.

Jumapili, 12 Agosti

Aibu. Nimefanya mazoezi na kwaya darasani kwa mara ya kwanza. Nilipiga do yangu, wao wakaimba do nyingine. Nikadhani wamepotea. Nikapiga kwa nguvu ili wanifuate. Wakanyamaza mmoja mmoja.

Mwalimu Konstantini alinieleza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele. Kila wimbo una ufunguo wake. Mmoja do ni D, mwingine do ni F, mwingine ndiyo hiyo G yangu. Do hukaa popote inapowekwa, alisema. Popote! Nimeimba do re mi tangu darasa la kwanza nikiamini do ni do. Sukari imetoweka, bei zinapanda, magari yamekaa juu ya mawe, lakini nilijua kuna kitu kimoja nchini hakihami. Kumbe nacho hakina kwao.

Alinipa dawa mbili. Nikitaka kushuka, nilegeze nyuzi zote tatu. Nikitaka kupanda, nifunge kijiti kwa ukanda wa tyubu juu ya shingo ya gitaa. Nilijaribu kulegeza. Zikalegea, kisha zikakataa kurudi zilikotoka, kila moja na njia yake. Kijiti nimekikataa katakata. Sitalifunga gitaa langu kama mguu uliovunjika.

Genoveva aliona yote. Nje ya darasa Marseli alikuwa akimshushia Mzee Damasi dumu la mafuta ya taa.

Jumanne, 14 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Dada alinituma kusaga mahindi kwenye mashine ya Bagara anayoendesha Paskasi. Nimesimama kwenye foleni na gitaa mgongoni, nyuzi zote ovyo. Mashine inanguruma. Nikausikiliza mngurumo, nikakaza uzi mnene polepole, na mara vyote viwili vikawa kitu kimoja. Nikakimbia kumwita Mwalimu Konstantini. Alikuja na kile kichuma chake cha kupimia sauti, akakigonga kwenye goti, akahesabu kwa midomo, akacheka mpaka akashika ukuta. Ni G. Mashine ya unga inaimba G!

Basi sina shida tena. Kila asubuhi nitakwenda Bagara kukaza nyuzi. Paskasi hanisemeshi, lakini mashine inanisemesha.

Genoveva naye alikuja kusaga. Akaniuliza kama nimeshafika Singe. Nikamwambia asikilize kwanza. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema ni nzuri, ila mbaazi zimekauka na zinapukutika shambani. Nikampigia tena.

Alhamisi, 16 Agosti

Mvua hakuna. Sabuni hakuna. Marseli yupo.

Jumamosi, 18 Agosti

Kesho ndiyo siku. Nimelala vibaya wiki nzima nikiwaza nyimbo za D na F. Leo nimepata jibu, na ni jepesi hata naona haya. Kama mimi siwezi kuzifuata nyimbo, nyimbo zinifuate mimi.

Karatasi hazipatikani, kwa hiyo Mwalimu Konstantini ameziandika nyimbo zote kwenye ubao, nao utabebwa kanisani kesho. Juu ya kila wimbo ameandika do ni nini. Miwani yake ina kioo kimoja. Cha pili hakipatikani hapa wala Arusha. Nyimbo ni nyingi, kichwa chake kimoja, anausadiki ubao kama Injili. Baada ya mazoezi nilijitolea kubaki kufagia darasa. Nikafuta D. Nikafuta F. Nikaandika G kila mahali, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Hatimaye do ina nyumba.

Asubuhi nilikuwa Bagara kama kawaida. Nyuzi zangu zilikuwa zimepanda usiku, sijui kwa baridi, zilikuwa juu ya mashine kabisa. Nimezilegeza mpaka zikaelewana nayo. Paskasi alinitazama kwa muda mrefu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kiapo ni kiapo, akarudi kukung'uta mfuko wa unga. Mashine yenyewe ilikuwa ikikohoa kidogo, lakini mashine ni mashine.

Nimepiga pasi shati. Bila sabuni, lakini pasi ipo.

Jumapili, 19 Agosti

Natamani nisiandike.

Kanisa limejaa hadi madirishani. Mwalimu Konstantini akasogeza jicho lake lenye kioo karibu na ubao, akagonga kichuma, akatoa do. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa D. Wakauanza kwa G. Kinamama wa sauti ya kwanza walipanda, wakapanda tena, mishipa ya shingo ikasimama. Mama Aikande, nguzo ya kwaya, aliketi chini ubeti wa pili na kuanza kujipepea kwa kanga. Mzee Damasi, besi ya kigango kwa miaka yote, alijikuta anaimba mahali wanapoimba vijana wasioota ndevu. Akaacha kutoa sauti, akawa anatikisa mdomo tu.

Hapo nikaingia mimi.

Hakuna uzi ulioelewana na mtu! Wote wako G, kama nilivyopanga, na mimi niko chini yao. Wala si F. Niko mahali pasipo na jina. Nikapiga kwa nguvu zaidi nikidhani watashuka kunipokea. Hawakushuka. Genoveva alifunika macho kwa kiganja. Padri aliinua mkono, akasema kwa leo tumsifu Mungu kwa sauti alizotupa mwenyewe.

Baadaye Mwalimu Konstantini akausoma ubao upya, pua ikigusa chaki. Akauliza nani. Suruali yangu ilikuwa nyeupe kwa chaki magotini, na watu wana macho.

Nje ya kanisa Paskasi alivunja kiapo, na alikivunja kwa raha. Dizeli iliisha Ijumaa. Jumamosi yote mashine ilikuwa ikienda kwa mchanganyiko wa mafuta ya taa, ikihema, ikizunguka polepole. Mngurumo ulikuwa umeshuka. Hata mbuzi wa jirani aliligundua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu neno moja: waya.

Mzee Damasi alipita. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akasimama kidogo.

"Teodori, sasa nimeijua kazi yako."

Jumatatu, 20 Agosti

Sikutoka. Dada ameuona mpini wa jembe lake kwenye gitaa. Sikusikia alichosema, nilikuwa nimejifunika blanketi. Mimi ni mtu wa bure. Nina umri wa watu wenye watoto shuleni, na kitu pekee nilichokijenga ni kisanduku kinachotoa aibu.

Jumatano, 22 Agosti

Genoveva amekuja mwenyewe! Mchana kweupe, mbele ya dada. Amezungumza na baba yake. Mzee hana kinyongo. Usiku wa Jumatatu alicheka peke yake mezani, wakamsikia. Amesema muziki si dhambi. Jumamosi wanapura mbaazi Singe. Teodori aje, na Marseli ameitwa pia, na mzee atatazama. Basi. Hataki zawadi, hataki sabuni, hataki maneno.

Akanishika mkono wa shati. Akasema nije na mikono yangu tu. Akarudia: mikono tu, Teodori, nakuomba. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema yeye amekwishasema lake nyumbani, amesema jina langu, na kusema tena hawezi.

Nimemwapia. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Jumamosi, 25 Agosti

Nilifika Singe wa kwanza, umande haujakauka. Nilikwenda na mikono yangu. Na gitaa pia, kwa sababu nilifikiri njiani: mikono kila mtu anayo.

Wapuraji walipanga mstari, fimbo zikipanda na kushuka pamoja, maganda yakiruka, wakiimba. Nami nikaona wazi jambo ambalo hakuna aliyeliona. Mtu mmoja akipura, amepura kama mtu mmoja. Lakini anayewapa wote mwendo mzuri, je, huyo hakupura kwa mikono ya wote? Nikaketi juu ya gunia. Ufunguo wao siujui hadi sasa. Nikawaomba wapandishe wimbo kidogo. Wakapandisha. Nikawaomba washushe. Wakaanza kubishana nani ameshusha na nani hakushusha. Fimbo zikasimama. Wakaketi. Wengine wakataka kulishika gitaa, wakauliza kama kweli ni sanduku la padri, nami nikawaeleza.

Marseli hakuketi. Alivua shati, akaendelea peke yake, hakunitazama. Nilitaka kumchukia nikashindwa kupata pa kuanzia.

Jua lilipoinama Mzee Damasi alizitazama mbaazi zilizobaki kwenye maganda. Akamtazama Marseli. Akanitazama mimi. Hakukasirika. Alichota maji kwenye kata, akaninywesha mimi kwanza, kama anavyofanyiwa mgeni, akanishukuru kwa kuwatembelea.

Genoveva alikuwa anapepeta, amenipa mgongo. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilijiambia ni vumbi la mbaazi.

Jumapili, 26 Agosti

Mshenga wa Marseli amepokelewa. Harusi ni Oktoba. Dada amenipa habari hizi baada ya misa, akaongeza kwamba nilie tu, yeye anatoka nje. Nimelia. Si kilio cha kuonekana, kilio hasa. Nilikuwa naye mkononi Jumatano, amenishika shati, na sasa sina.

Jioni Mwalimu Konstantini alikuja kunipa pole. Mtu mwema. Alisema kwaya itaimba kwenye harusi na si lazima nijisumbue kuja. Alisema si lazima kwa namna mbalimbali.

Nimekaa mlangoni nikijichunguza bila kujionea huruma. Mwanamume lazima alitazame kosa lake usoni. Nimelitazama. Kosa lilikuwa dizeli.

Kengele ya kanisa haitumii dizeli. Leo walipoipiga nilisimama chini yake na uzi mnene, na ni F, au jirani yake wa karibu. F ni chini kidogo ya G, kinamama hawatachoka, Mama Aikande hataketi. Nyimbo zote za harusi zikiwa F, nami nikiwa F, Genoveva atakapofika altareni atasikia kila kitu kimekaa mahali pake, na atageuka kutazama ni nani anayepiga. Atageuka. Namjua.

Kilichobaki ni chaki.