Koti la Asanasio na Mbuzi wa Mahari

Katika Bwera nzima, mtu wa kwanza kuwa na hobi alikuwa shemeji yangu Asanasio. Namwomba Mungu awe pia wa mwisho!

Neno lenyewe alilitoa mgodini karibu na Kasese, alikokuwa karani mdogo wa stoo kabla ya kuja kupima pamba hapa kwetu. Huko alimwona mzungu mmoja, injinia, kila Jumapili ameketi barazani anashona mikanda ya ngozi. Hauzi. Hampi mtu. Anashona, anatazama, anapiga mluzi.

"Hiyo ndiyo hobi, shemeji," akanieleza, mguu juu ya mguu, kwenye kiti changu. "Ni kazi unayofanya bila kulipwa, kwa raha ya moyo."

"Basi mimi ninayo tangu utoto," nikamwambia. "Nachota maji, napalilia mihogo, nafua mashati ya kaka yako. Sijalipwa hata siku moja. Hiyo raha ya moyo tu ndiyo bado naitafuta."

"Huwezi kuelewa. Hobi inataka mtu aliyetembea duniani."

Dunia aliyotembea yeye inaanzia Bwera na kuishia Kasese!

Mwaka huo ulikuwa wa sitini na nane, na Asanasio alikuwa amemchumbia Loyi, binti wa mzee Masereka wa Rukoki. Msichana mzuri, mchapakazi, tena ana akili. Kilichomvutia kwa Asanasio sijui, na yeye mwenyewe nikimuuliza hucheka tu. Sasa, kwetu Wakonzo binti haombwi kwa maneno matamu. Anaombwa kwa mbuzi. Mume wangu Baluku, kaka yake mkubwa, alipanda na kushuka vilima miezi mingi akitafuta mbuzi huyu hapa na yule pale. Na bwana harusi? Bwana harusi alikuwa anatafuta ngozi.

"Nitaingia kwa wakwe nimevaa koti la ngozi, kazi ya mikono yangu," akatangaza. "Rukoki watalisimulia mpaka wachoke!"

Kwa hilo, haki ya Mungu, hakusema uongo.

Akaenda kwa Benoît, mchinjaji Mkongomani aliyetoka Butembo na kufungua bucha karibu na soko. Benoît alikuwa anapaka chumvi ngozi za ng'ombe na kuzikunja zisioze, zikingoja lori la kwenda Kampala.

"Chagua, patron," Benoît akamwambia. "Lakini hii bado mbichi, unajua? Bado kufanya kuwa cuir, ile ngozi ya kushona."

"Najua, najua," akajibu Asanasio. Hata kama ungemwambia nyumba yake inaungua, angekujibu najua, najua.

Kuanzia siku hiyo uani kwetu kukawa chuo kikuu. Asanasio alifundisha, na wanafunzi walikuwa mimi, kuku, na yeyote aliyepita kuazima kibiriti.

"Ngozi husomwa kwa kidole, shemeji. Ya mgongoni ni ngumu, kata mkanda. Ya tumboni hulegea, usiikatie kitu cha kuvutwa."

"Najua. Hata ya tumbo lako imelegea."

"Uzi usiwe wa cherehani. Chukua nailoni ya nyavu kuukuu za wavuvi wa Kasenyi, ipitishe kwenye nta ya nyuki, hapo hata simba hakati. Na tundu litoboe kwanza. Ukilazimisha sindano, utashona kidole."

Kwa kweli, mambo hayo alikuwa amemtazama mzungu vizuri. Alichonga spoki ya baiskeli ikawa ya kutobolea. Alipanga vitundu mstari kwa uma wangu, uma pekee wa nyumba hii, ambao tangu siku hiyo una meno mawili. Kisha akapiga rangi kwa masizi ya sufuria yaliyokorogwa na samli.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni kubwa kama mlima Rwenzori: mzungu alinunua ngozi iliyokwisha kuiva. Kuiivisha hakumwona akifanya.

Ngozi mbichi lazima ilowekwe mpaka chumvi itoke yote, ikwanguliwe, kisha ilale na magome ya mti kwa majuma na majuma. Hilo nalijua hata mimi niliyeishia darasa la sita. Nikamwambia.

"Magome ni ushamba," akasema. "Dawa ya ngozi ni chumvi. Chumvi ya Katwe inatunza samaki mpaka anafika Kongo akiwa mzima. Itashindwa na ng'ombe?"

Badala ya kuitoa chumvi, akaongeza kikapu kingine!

Koti likazaliwa. Mabega yake mtu angeweza kuanikia nguo. Lilikuwa halihitaji msumari wala kamba, ukiliweka chini linasimama lenyewe kama askari. Asanasio akiketi, koti halikuketi naye. Lilibaki wima, likammeza mpaka masikioni, akawa anatazama nje kama kobe aliyesikia habari mbaya.

Na tabia zake! Asubuhi, ukungu ukishuka kutoka mlimani, lilitoa majimaji. Jua likipanda, lilikauka na kuota unga mweupe kwenye mishono.

"Linapumua," akasema Asanasio. "Ngozi halisi hupumua."

"Shemeji, hilo linakojoa."

Siku ya kupeleka mahari ikafika. Tukapakia mbuzi kwenye lori la pamba, sisi wanawake tukakaa mbele na dereva, Baluku na bwana harusi nyuma na mifugo. Kila nilipogeuka na kuchungulia, niliona mbuzi wamemzunguka Asanasio. Mmoja anamlamba kiwiko, mwingine mgongo, na beberu mmoja wa pembe iliyovunjika ameinua miguu ya mbele, kichwa chake kimezama kwenye kola.

Tuliposhuka Rukoki, jua la Kasese linakaanga, Asanasio alikuwa anameremeta.

"Unaona, shemeji? Mnyama humtambua bwana wake!"

Nikaona, ila sikufikiri. Nilikuwa na kapu kichwani na viatu vinanibana.

Kwa mzee Masereka walitupokea vizuri. Mzee mwenyewe ni mtu wa maneno machache, mrefu, anashika fimbo kama rula. Aliyekuwa na maneno yake yote ni dada yake, Bulandina, shangazi wa bibi harusi. Bulandina akamzunguka Asanasio mara moja.

"Hii ni nguo ama ni sanduku?"

"Ni ngozi halisi, shangazi. Mkono wangu mwenyewe. Ni hobi."

"Pole," akasema Bulandina. "Umekunywa dawa?"

Tukazungumza, tukasalimiana, mbuzi wakakaguliwa meno na kwato, wakakubaliwa. Ikabaki jambo la mwisho: vijana wa pale wawapeleke nyuma ya nyumba, kwenye zizi. Mbuzi wakiingia zizi la baba, binti ameolewa. Wasipoingia, tumekuja kutembea tu.

Vijana wakaswaga. Mbuzi wakaenda hatua chache, wakageuka, wakarudi mbio na kumzunguka Asanasio.

Watu wakacheka. Vijana wakawaswaga tena, kwa viboko sasa. Mbuzi wakapita katikati ya miguu yao, wakamwangusha mmoja, wakarudi! Beberu wa pembe iliyovunjika akashika pindo la koti kwa meno, akafumba macho kama mtu aliye kwenye sala.

Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Masereka akasimama. "Asanasio, mwanangu. Hii mbuzi ni yangu ama ni yako?"

"Ni yako, baba."

"Mbona inakataa kwangu?"

Bulandina hakungoja jibu. "Mimi nimejua! Huyu anatoa mbuzi na mukono wa kuume, anaita na wa kushoto! Kesho kutwa tutaamka zizi liko tupu, mbuzi yote imemfuata Bwera, na binti yetu imeenda bure! Ni dawa hiyo! Ni uchawi!"

Neno hilo likitajwa kwenye mahari, jamani, hata maji ya kunywa yanakosa ladha. Wazee wa kwao wakasogeza viti nyuma. Mume wangu Baluku, aliyechakaza miguu kwa ajili ya mbuzi hao, akawa wa rangi ya jivu. Mlangoni nikamwona Loyi, kitambaa kipya kichwani, amejishika mdomo.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri beberu. Hakuwa anatafuna. Alikuwa analamba. Analamba ule unga mweupe wa mishono.

Nikamsogelea Asanasio, nikamnong'oneza, "Ni chumvi, wewe! Waambie ni chumvi, hukuiosha!"

"Nyamaza, shemeji," akaninong'oneza kutoka ndani ya kola. "Watasema sijui kazi."

"Wanasema wewe ni mchawi!"

"Mchawi," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kofia, "angalau ni fundi."

Mnasikia? Mwanamume yuko tayari kukosa mke, kuchafua ukoo, kufukuzwa na fimbo mpaka daraja la mto, mradi asiambiwe ngozi yake ni mbichi! Na kweli akajikohoza, akatoa kifua, akaanza, "Wazee wangu, viumbe wengine wana kipawa cha kuvuta wanyama..."

"Anakubali!" Bulandina akapiga yowe. "Mumesikia yeye mwenyewe!"

Mzee Masereka akainua fimbo. "Kusanyeni mbuzi yao. Warudi kwao. Mchawi hatumpi mutoto."

Nikasema, la. Kapu nimelibeba mimi, na miguu ni yangu iliyovimba. Nikamshika Asanasio mkono wa koti mbele ya umati wote, nikautia ulimi. Nikaulamba kutoka kwenye kiwiko mpaka begani!

Nikatema. "Chumvi! Chumvi ya Katwe, wazee wangu! Shemeji yangu si mchawi, hana akili ya kuwa mchawi! Hakuosha ngozi, basi! Lambeni wenyewe!"

Mzee Masereka akaja polepole, akapaka kidole kwenye mshono, akakiweka mdomoni. Akafikiri. Akarudia mara ya pili.

"Hii," akasema, "inakosa muhogo tu."

Kicheko kilichotoka hapo kiliamsha mbwa wa Kasese mjini. Bulandina akakaa chini, akajipiga mapaja. Loyi alikuwa ameegemea mlango, machozi yanamtiririka, na nikajua kwamba huyu ndoa ataiweza.

"Vua," akaamuru mzee.

"Baba, hili ni..."

"Vua!"

Asanasio akavua. Ilibidi watu wawili wavute mikono, kwa sababu koti lilikuwa limekauka na umbo lake la kwenye lori. Chini yake shati jeupe la harusi lilikuwa jeusi kwa masizi na samli, na shingo ya bwana harusi ina mistari kama punda milia. Koti likawekwa chini. Likasimama lenyewe. Mbuzi wote wakamwacha Asanasio bila kumuaga, wakalikimbilia.

Mzee Masereka akalitazama koti, akawatazama mbuzi, akatazama zizi lake. Akalibeba kwa fimbo mpaka ndani, akalitundika kwenye nguzo ya katikati. Mbuzi wakamfuata mstari mmoja, wapole, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

"Zimeingia," akasema mzee. "Loyi ni wenu."

Vigelegele! Baluku akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Ni Asanasio peke yake aliyebaki kwenye mlango wa zizi, anaangalia beberu akitafuna kola.

"Baba mkwe," akasema, "hiyo ni kazi ya miezi mitano."

Mzee akamwekea mkono begani, kwa upole wa kweli.

"Ni kazi nzuri, mwanangu. Hii itatufikisha mpaka Pasaka, halafu utatushonea ingine." Akafikiri kidogo. "Lakini usijisumbue na mifuko. Mbuzi haina kitu ya kuweka."