Naomba Kubadilishana: Sanduku Liende Kamuli, Wifi Arudi Nyaishozi

Immaculata, mke wa Protase,
Nyaishozi, Karagwe.
Tarehe 9 Machi, 1992.

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,
Kamuli.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MWANAO PROTASE NA SANDUKU LAKE

Shikamoo Mama. Sisi hapa hatujambo. Migomba imesimama licha ya upepo, mjukuu wako Egbert anakula kama mtu aliyeajiriwa, na mtoto Komujuni ametimiza miezi mitatu na ana sauti ya mhubiri. Najua barua hii utasomewa na wifi Kokuhirwa. Wifi, nakuomba usome kila mstari kama ulivyo, hata pale unapotajwa wewe, wala usimwonee haya kaka yako. Mama akicheka, msubiri amalize.

Mama, mtu akinunua jembe likapinda kabla ya mvua, hulirudisha kwa mhunzi. Mimi sina mhunzi mwingine zaidi yako, maana Protase umemfua wewe. Ni jembe zuri, sikatai. Halinipigi, halikai kwenye pombe ya rubisi mpaka likasahau nyumbani, na Jumapili linavaa shati safi. Lakini tangu mwezi wa kwanza limepinda, nami kwa heshima zote naleta malalamiko kwa aliyelitengeneza.

Unajua mwanao ni fundi redio. Basi alikusanya betri ya lori, saa ya mezani ya kengele, mota ya waipa ya kioo cha lori, kinasa sauti kimoja na nyaya za kila rangi, akavifunga vyote kwenye sanduku lililokuwa la majani ya chai, akalipigilia ukutani sebuleni chini ya picha ya Familia Takatifu. Lina swichi nane. Ukibonyeza hapo, jambo linatokea kwingine: taa jikoni, redio chumbani, mlango wa banda la kuku, sauti langoni. Sanduku hilo analiita Makao Makuu. Anasema nyumba itajiendesha yenyewe, na mimi nitakaa kwenye kiti nikinyonyesha na kutoa amri. Mpaka leo kiti kipo, na kunyonyesha kupo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuondolewa kwa wifi. Nilipojifungua ulimtuma Kokuhirwa aje akae nami mpaka mtoto aweze kukaa. Alikuwa na majuma sita tu hapa. Siku taa ya jikoni ilipowaka kwa mara ya kwanza, Protase alimwambia, "Dada, umetusaidia sana, sasa rudi kwa mama ukapumzike. Tumeingia wakati wa mashine." Kokuhirwa akanitazama mimi, mimi nikaitazama taa. Nakiri kosa langu, ilikuwa inawaka vizuri. Wifi akapanda lori la ndizi, na kabla lori halijafika kona ya kwanza taa ilikuwa imezimika.

2. Masomo. Protase ameandika daftari lenye kurasa thelathini na moja, juu yake MWONGOZO, na kila Jumamosi ananipa mtihani. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kusoma najua. Lakini swichi iliyoandikwa JIKO inafungua kuku. Iliyoandikwa KUKU inawasha taa ya jikoni, ila taa hiyo haiwaki mpaka redio iwe imewaka, maana zinatumia waya mmoja kama ndugu wanaogombea blanketi. Kwa hiyo nikitaka kujua chumvi iko wapi, lazima kwanza nisikilize matangazo ya vifo. Nimewalilia marehemu wa mikoa yote, Mama, na chumvi sijaiona. Mtihani wa kwanza nilipata mbili kwa kumi. Wa pili nilipata sifuri, kwa sababu kuku walikuwa tayari kwenye maharage. Nikamwomba abadilishe maandishi tu, aandike KUKU pale penye kuku. Alinijibu kwa upole, "Mama Egbert, mfumo haukosei. Mfumo unazoewa." Jibu hilo nimelifikiria wiki nzima. Yeye mwenyewe nilimzoea kwa miezi miwili tu.

3. Betri. Kila Jumatano betri inapelekwa kwenye mashine ya kusaga ikachajiwe. Inapanda baiskeli. Imekalishwa juu ya mto wa mtoto, imefungwa kwa mpira isianguke, imefunikwa kanga isipate vumbi, na Protase anaisukuma kilimani taratibu akikwepa mawe. Jumatano hiyo hiyo ndiyo siku yangu ya kliniki, nami natembea nyuma ya baiskeli na Komujuni mgongoni. Tukikutana na watu njiani wanampa Protase pole ya kuuguliwa.

4. Kitanda cha mtoto. Ile mota ya waipa ameiunganisha na kitanda ili kibembee chenyewe. Kina mwendo wa aina mbili, kama ulivyokuwa kwenye lori: manyunyu, na mvua kubwa. Hapa sikuwa mpole, Mama. Nilimwambia, "Kitu kilichozoea kufuta matope hakitambembeleza mwanangu." Akaona afanye majaribio kwa boga. Kwenye manyunyu boga lilitulia vizuri. Kwenye mvua kubwa lilitoka kwa mlango na tukalikuta kwenye shamba la kahawa. Amerekebisha, na sasa boga jingine lina majuma matatu kwenye kitanda hicho, linabembelezwa kila adhuhuri. Katika nyumba yetu anayepata usingizi wa kutosha ni boga. Komujuni analala mgongoni kwangu, na mimi nalala nikiwa nimesimama, nikikoroga uji.

5. Heshima. Hili ndilo linalonitoa jasho. Langoni ameweka kitufe na kibao: MGENI BONYEZA HAPA. Ukibonyeza, kinasa sauti kinasema kwa sauti ya Protase, "Karibu, tafadhali subiri." Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Leonidas, jirani yetu, ambaye hapa kwetu watu humwamkia hata wakimwona yuko ng'ambo ya bonde. Alikuja kumwona mtoto na mkungu wa ndizi kichwani. Akabonyeza. "Karibu, tafadhali subiri." Mzee akasubiri shikamoo. Haikuja. Akabonyeza tena, kumpa kijana nafasi ya kujirekebisha. "Karibu, tafadhali subiri." Mara ya tatu alijitwisha mkungu wake akarudi nao nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nepi, sikujua kitu mpaka tulipokutana kwenye sala ya jumuiya, aliposema mbele ya wote, "Kwa Protase siku hizi unakaribishwa bila kuamkiwa, kama dukani."

Protase alihuzunika kweli. Alirekodi upya: "Shikamoo. Karibu, tafadhali subiri." Akairudia upande mzima wa kaseti, dakika thelathini, ili isimlazimu kuirudisha nyuma kila mara. Kaseti aliyoitumia ilikuwa ya kwaya ya harusi yetu. Hapo sitasema zaidi.

Sasa Mama, sanduku halina macho. Linamwamkia kila anayebonyeza. Baada ya marekebisho, aliyetangulia kubonyeza ni Costansia, binti wa Nsabimana, mwenye miaka sita, alitumwa kuazima kinu. Akasikia mwanamume mzima anamwambia shikamoo. Alifikiri kidogo, akajibu, "Marahaba." Kesho yake alileta wenzake wanne. Leo darasa la kwanza lote likitoka shule linapitia kwetu kupokea heshima, na kwa masikio yangu nimesikia mmoja akimwambia mwenzake, "Subiri zamu yako, mimi bado sijaamkiwa." Juzi nilimtuma Costansia anishikie kikapu, akanitazama kama shangazi anavyomtazama mke wa mpwa wake. Mbuzi wa jirani nao wakijikuna kwenye nguzo wanaamkiwa vilevile. Mume wangu, mtu aliyebatizwa na kupata kipaimara, anawaamkia mbuzi, na hawamwitikii.

6. Mambo ambayo hayamo. Sanduku halimenyi ndizi. Halipalilii maharage, na magugu hayajaambiwa kwamba tumeingia wakati wa mashine. Halishiki mtoto nikaoge. Tangu wifi aondoke naoga nikiimba kwa sauti ili Komujuni ajue sijamwacha, na wimbo ukiisha nami natoka, povu au si povu. Kokuhirwa alipokuwa hapa nilimwita jina lake mara moja, bila waya, akaja. Siku nyingine alikuja kabla sijamwita. Alikuwa anamchukua mtoto kabla sijajua kwamba nimechoka. Hilo nimelitafuta kwenye Mwongozo, kurasa zote thelathini na moja.

Kwa hiyo natoa ombi, na naomba lisichukuliwe kuwa utani.

Protase amesema mbele ya mashahidi, nikiwemo mimi, kwamba sanduku linafanya kazi yote ya Kokuhirwa. Mimi ni nani nimpinge mume wangu? Nakubali. Ila vitu viwili vikilingana, mtu akibadilishana hapotezi. Jumamosi Makao Makuu yapakiwe kwenye lori la ndizi, pamoja na betri, saa na boga lake, yaje Kamuli kwako. Yakutekee maji, yakumenyee ndizi, yakusindikize kanisani. Kokuhirwa apande lori hilo hilo likirudi. Sanduku likichelewa kurudi kutoka kisimani usilikemee, Mama, wala usilipige. Lizoee.

Na kwa kuwa litakuwa binti wa nyumba yako, si haki kulibagua. Lionyeshwe sehemu yake ya kibanja cha migomba kule bondeni. Liandikwe kwenye zamu ya kufagia kanisa. Nimesikia pia kuna kijana wa Songambele anayemwulizia wifi yangu. Akija kuposa, awekewe wote wawili mbele yake, achague bila kushurutishwa. Akichagua sanduku, mimi na Protase tutakuja kusindikiza harusi. Kwaya hatuna tena, lakini shikamoo tunazo za nusu saa.

Kama Protase ataona mabadilishano haya hayana haki, basi aje Kamuli, asimame mbele yako, aseme kwa kinywa chake kwamba dada yake anazidi sanduku. Nitaridhika na sentensi hiyo moja. Akishaisema, umkabidhi Kokuhirwa pale pale kabla hajafikiria kitu kingine cha kutengeneza.

Usidhani namchukia mwanao. Sanduku hili alianza kulitengeneza siku aliponikuta nimesinzia na kisu mkononi, ndizi nusu zimemenywa, nusu bado. Hakunigombeza wala hakunicheka. Alinitoa kisu polepole, akamaliza kumenya yeye, vibaya sana, kisha akaenda kutafuta waya. Ndivyo ulivyomlea: akiona mtu amechoka, anatafuta waya. Mimi ninachoomba ni kwamba safari hii atafute mtu.

Nisalimie shangazi Nyirabageni na mguu wake. Msalimie Mzee Kahigi, Polikarpi na mkewe, katekista, na yule ng'ombe mwekundu kama amezaa. Egbert anasema bibi amhifadhie senene wake, hata wakiwa wachache. Komujuni hajasema kitu cha kuandikika.

Ni mimi mkaza mwana wako, mwenye utii lakini pia mwenye usingizi,

Immaculata (Mama Egbert)

Nyongeza, Ijumaa. Hii ni ya wifi peke yake. Wewe umsomee Mama mpaka kwenye jina langu, halafu ukunje karatasi.

Wifi, barua imekaa mezani siku nne ikisubiri lori, na Protase ameisoma. Alinitoa mtoto mgongoni, akatoka naye barazani, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayembeba. Kumbe anaweza. Mimi nikabaki mikono mitupu mbele ya lile sanduku, nikasema ngoja niguse waya mmoja tu. Ule mmoja ukanionyesha wa pili. Taa nimeitenganisha na redio. Jumatano usiniulize nani alisukuma baiskeli kwenda mashineni. Nilikuwa mimi, na niliwahi foleni. Swichi ya nane Protase aliiacha tupu, hakujua aifanyie nini, na mimi tayari nimejua: nataka ivute maji ya mvua kutoka kwenye pipa mpaka jikoni. Ndizi sijamenya tangu Jumanne. Wanakula viazi na hawalalamiki kwa sauti.

Kwa hiyo lile la kubadilishana lifutwe, sanduku haliendi popote. Lakini wewe njoo na lori hili hili. Mama akiuliza, mwambie ni kwa ajili ya mtoto. Nahitaji mtu wa kushika ngazi nikiwa juu ya paa nikipitisha waya, maana Protase mikono yake imejaa Komujuni. Ukiweza, angalia kwenye kopo la misumari la marehemu baba, uniletee bisibisi yake ndogo. Ya Protase nimeivunja, na bado hajajua.