Gari Lenye Homa

Tangazo lilisomwa kanisani mara moja tu: akina mama wanatafuta gari la kununua, la kuwapeleka wagonjwa hospitali. Marashi, aliyekuwa ameingia kukwepa mvua, akalisikia. Palepale akaokoka.

Gari alikuwa nalo. Jeupe, limeng'arishwa hadi nzi akitua anateleza. Ugonjwa ulikuwa ndani: gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa, na gari likiunguruma kidogo tu, linachemsha kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Dawa yake Marashi aliijua. Unalijaza maji, unamzungusha mnunuzi hadi kwenye kona, unarudi, unazima kabla mshale wa joto haujaamka.

Kwa mwenyekiti wa akina mama hao, mjane mpole mwenye mkoba mkubwa, alifika na Biblia kwapani.

"Wengi wanalitaka, mama. Nikasema hapana, hili ni la kazi ya Mungu."

"Ubarikiwe, mwanangu. Linakwenda?"

"Kama upepo."

Wakaenda hadi kwenye kona, wakarudi. Akina mama walikuwa wamejipanga uani, na nyuma yao mzee mmoja wa ovaroli. Mkono wa Marashi ukaufuata ufunguo.

"Usizime," mama akasema. "Tuliombee kwanza."

"Si bora likiwa limetulia, mama?"

"Likizimwa tunaombea bati, mwanangu. Likiunguruma tunaombea safari. Au maombi huyapendi?"

Mtu aliyeokoka Jumapili iliyopita atajibu nini? Akafumba macho.

Mama alianzia kuumbwa kwa dunia. Alipofika kwa Nuhu, mshale ulikuwa katikati. Akaombea matairi, akaombea taa, za mbele na za nyuma, kila moja kwa zamu yake. Jasho likamtiririka Marashi.

"Amina, mama. Amina kabisa."

"Bado breki, mwanangu."

Kwenye breki, boneti ikaanza kufuka. Kwenye wagonjwa, rejeta ikapiga mluzi na mvuke ukawafunika waombaji wote. Mama akamaliza sala yake bila haraka, ndipo akafumbua macho.

Yule wa ovaroli alikuwa fundi, mdogo wa marehemu mumewe. Akazima gari, akachomoa kijiti cha oili. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Shemeji, maji yameingia kwenye oili. Gasketi imekwisha, na hedi lazima ikanyooshwe. Hapa tunanunua chuma chakavu."

"Ni shetani huyo," Marashi akasema. "Lilikuwa zima."

"Basi tuuzie kwa bei ya chakavu, shetani tutamkemea wenyewe. Au lipeleke kwingine."

Marashi akainua macho. Juu ya ukuta vichwa vya majirani vilikuwa vimepangana kama chupa dukani. Kwingine hakukuwapo tena. Akapokea kidogo alichopewa, akatoa ufunguo.

Hapo mama akafungua mkoba na kumkabidhi shemeji yake gasketi mpya, bado imo kwenye nailoni.

Marashi akaikodolea macho. "Kumbe mlijua?"

"Wiki iliyopita ulimzungusha dada yangu kwenye kona hiyohiyo. Akanisimulia: gari jeupe linalong'aa hivi, muuzaji ananukia kuliko bibi harusi, na anazima gari hata hajasimama vizuri. Mtu wa hivyo ama amebanwa na haja, ama gari lake lina homa. Na choo hukuulizia."

Marashi akaitazama barabara ndefu, jua likiwaka.

"Tungekusogeza, mwanangu," mama akasema, "ila hali ya gari unaijua mwenyewe."