Mabeki Watatu kwa Winga Mmoja

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Jumapili ni fainali, sisi wa Kibera dhidi ya Kawangware. Mumbua, fundi anayeshona jezi zetu karibu na mtaa wa Ayany, amesema atakuja kuangalia. Kwa mdomo wake! Leo nimetengeneza viatu sita na sikumbuki hata kimoja. Nampenda yule dada mpaka chai hainiteremki. Kocha akibeba kombe, nani atamkataa? Shida ni moja: timu yangu haina mbio.

Jumanne, 2 Agosti
Nimepata dawa! Kawangware wana winga, Kavoi, anakimbia kama amefukuzwa na askari. Kocha wao, Kilonzo, amekubali kunipa, lakini anataka Shivachi, Khamala na Wekulo. Nikauma mdomo nisicheke. Hao ni wajenzi, wazito, kazi yao kusukumana tu huko nyuma. Nani amewahi kushangilia beki? Huku kwetu hakuna karatasi, makocha wakishikana mikono imetosha. Tumeshikana.

Alhamisi, 4 Agosti
Mazoezi. Kavoi ni moto! Nalianya, golikipa wetu, akauliza nani atasimama mbele yake Jumapili. Nikamwambia aache woga. Akauliza tena, mabeki wetu wameenda timu gani. Ngai! Hiyo sikuwa nimeifikiria.

Jumapili, 7 Agosti
Tisa bila. Bila ni sisi. Kavoi alisimama pembeni dakika tisini, mikono kiunoni, akingoja mpira. Nani angempa? Wa kuunyang'anya wote walikuwa upande ule mwingine. Jezi yake haina hata jasho.

Mumbua alikuja kweli, na rinda la bluu. Akanijia moja kwa moja. Akaniita kocha, kwa heshima kabisa, akauliza Shivachi anacheza upande gani. Nikamwonyesha. Akashukuru, akaenda kukaa na watu wa Kawangware. Kila Shivachi alipoondoa mpira, vigelegele! Miaka miwili nimekuwa nikirarua jezi makusudi nipate kumpelekea ashone. Miaka miwili!

Jumatatu, 8 Agosti
Ugali umenishinda. Natamani hata kusikia cherehani yake tu.

Lakini nimefikiria vizuri. Kavoi alikuwa mpweke, maskini. Winga mmoja hatoshi. Kilonzo ana mwingine, Muia, mwenye mbio kumshinda huyu, na anataka golikipa tu. Nimeshampelekea Nalianya. Mumbua akiona wawili wakikimbia pamoja, lazima atanitazama.