Ruhusa za Sebuleni

Jumatano, 4 Juni
Nimechoka hata kabla ya shughuli. Jumamosi mama wa mchumba wa binti yangu anakuja kututazama. Dada yangu mkubwa naye anakuja, bila kuitwa. Mchumba wa kwanza alitukimbia baada ya dada kumsimulia jinsi binti anavyokoroma. Huyu naye akikimbia, mtoto wangu atauweka wapi uso?

Binti anafanya kazi kwenye jumba la kompyuta, zimejaa makabati kwa makabati. Nikamuuliza wanafanyaje zisivurugane. Akasema wanazipanga kwa makundi. Kundi halisemi na jingine mpaka liandikiwe ruhusa. Ruhusa zinaandikwa mahali pamoja, mtambo mkuu unazisambaza kote. Asiyeandikiwa, kimya.

Kimya. Neno limenituliza kuliko dawa ya kichwa.

Alhamisi, 5 Juni
Mtambo mkuu ni mimi. Wa jikoni hawasemi na mgeni. Wa sebuleni waseme watakavyo. Dada nimempanga jikoni. Kakubali kwa upole, nami sikushtuka. Mume wangu nimempa ruhusa ya hali ya hewa tu. Kauliza kama upepo umo.

Jumamosi, 7 Juni
Kichwa kinagonga. Dada alitulia jikoni, kisha akabeba chai hadi sebuleni, akaketi. Nikamkonyeza. Akajibu mbele ya mgeni: si ulisema wa sebuleni waseme watakavyo, basi mdogo wangu, sasa niko sebuleni. Akaanza na habari ya binti kukoroma. Mume wangu akajitahidi: akasema huenda mvua ikanyesha.

Mgeni kaaga mapema. Binti hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Kasema tu kwamba nimeandika ruhusa kwa chumba. Kazini wanaandika kwa kundi; mashine ihamie kabati lolote, ruhusa yake inaifuata.

Jumapili, 8 Juni
Nimeandika upya, mtu kwa mtu, nikabandika ukutani. Dada: salamu tu, popote awapo, hata bafuni.

Mchana mama wa kijana kabisha hodi. Dada kasalimia, kanuna. Mume wangu kasema kumetakata. Nikafungua kinywa, dada akanionyesha ukuta: mdogo wangu, wewe hujajiandika.

Kweli. Nilijisahau.

Tukakaa kimya, mpaka mgeni mwenyewe akashindwa kuvumilia. Akasema mwanawe naye anakoroma, paa linatikisika. Alikuwa akilificha jambo hilo, akihofu tutakimbia sisi. Jana alikosa pa kuchomeka neno. Akataka dada awe msemaji wa harusi, maana ndiye pekee asiyeficha.

Jumatatu, 9 Juni
Binti anaimba tangu asubuhi. Wote wanasema dada ndiye kaiokoa ndoa. Nawaacha waseme. Zilizoiokoa ni ruhusa zangu.

Harusi ina ukumbi mzima wa watu, miguu inaniuma kwa kuufikiria tu. Nimeshaanza kupanga. Safari hii jina langu ni la kwanza: niseme na yeyote, popote.

Dada nimempanga jikoni.