Uzinduzi wa Kituo cha Kuongeza Kasi ya Diski za Nyumbani

(Ukumbi umejaa. Jukwaani kuna meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha bluu. Juu yake ipo kompyuta moja ya zamani, imezungukwa na maboksi mapya yaliyofungwa vizuri kwa gundi ya karatasi. Nyuma ya meza kuna mlango uliopakwa rangi jana, umepitishiwa utepe mwekundu. Mkurugenzi anaisogeza maikrofoni, anaipuliza, anairudisha ilipokuwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuwa Mwenyekiti na tunampongeza kwa uvumilivu. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Wajumbe wa Kamati ya Kuiangalia Kamati ya Maandalizi. Viongozi mliokalia viti vya mito. Viongozi mliokosa mito lakini vyeo vyenu mnavijua. Katibu wangu, mwenye jukumu zito la kufungua kurasa. Wazazi, walezi, wamiliki wa kompyuta, na ninyi mliokuwa mnapita mkasikia muziki mkadhani ni harusi. Na kwa namna ya pekee kabisa, mama mkwe wangu, aliyeketi pale mbele na mkoba wake mapajani, ambaye alisema hatakuja na amekuja: kila mtu ahesabu ametajwa, na ambaye hakutajwa ahesabu nimemtaja kimoyomoyo. (Makofi. Mama mkwe hapigi. Anafuta miwani.)

Ndugu zangu, mimi kama Mkurugenzi wa Idara ya Kasi na Mambo Yanayofanana na Hayo, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa kupima ndiyo kazi yangu. Kwa muda mrefu mwananchi wa kawaida ameteseka na kompyuta yake ya nyumbani. Ndani ya kila kompyuta mna kitu kinaitwa diski, ndiyo ghala lake, hapo ndipo zinapokaa picha zako, barua zako na nyimbo zako, na kila ukitaka chako kompyuta sharti iende ikakisome huko ghalani. Sasa diski ikiwa mvivu wa kusoma, mwananchi anabonyeza, anakaa, anachemsha chai, anainywa, anaosha kikombe, anarudi, bado kompyuta imemkodolea macho kama inamuuliza yeye ndiye alikuwa anataka nini. (Vicheko. Sauti: "Ya kwangu hiyo!") Idara yangu ikasema hapana. Idara yangu ikaja na frameweki shirikishi ya kuwezesha optimaizesheni ya usomaji wa diski kwa kushirikisha mastekiholda wote kuanzia ngazi ya kaya, yaani, kwa lugha nyepesi... kwa lugha nyepesi...

Subirini kidogo. Ukurasa wa pili unafunguka. (Katibu anainamia kompyuta iliyopo mezani, maana hotuba inasomwa humo humo. Kompyuta inatoa mlio: tik, tik, tik. Ukumbi mzima unasikiliza. Mtu anakohoa. Ukurasa unafunguka.) Kwa lugha nyepesi, kompyuta zenu zitakuwa na mbio.

(Mwanamke wa makamo, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, anasimama mstari wa tatu: "Mheshimiwa, samahani. Hiyo iliyoko mezani ni kompyuta yangu.")

Asante, mama mshonaji, nakuona. Ndugu wananchi, huyu mama ni mdau wetu namba moja. Tulipotangaza awamu ya majaribio na kuwaomba wenye kompyuta zinazochelewa wazilete bure zipimwe na kuboreshwa, mwitikio ulikuwa wa kutia moyo: mama huyu alileta ya kwake, imefungwa kwa kitambaa kizuri cha bluu, hiki hiki mnachokiona kimetandikwa mezani. Na naomba waandishi waandike takwimu hii kwa kalamu nzito: asilimia mia moja ya kompyuta zilizoletwa zimeshughulikiwa. (Makofi mazito kutoka viti vya mito.)

("Mheshimiwa, mliniambia naichukua kesho yake. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Sare za watoto wa shule nzima ziko kwangu, na vipimo vyao vyote vimo humo ndani. Sina pengine nilipoviandika. Kitambaa ninacho, cherehani ninayo, ila sijui nikate wapi.")

Mama, hoja yako imepokelewa, imesajiliwa, na itafanyiwa kazi na chombo husika pindi kitakapoundwa. Naomba ukae. (Mshonaji hakai.) Basi simama, ni haki yako.

Nirudi kwenye matokeo. Wataalamu wetu, usiku na mchana, isipokuwa usiku, waliipima diski hii kwa mbinu za kisasa. Kwanza lilihitajika faili la kupimia, na baada ya mchakato wenye ushindani mkali liliteuliwa faili la picha yangu nikiwa ofisini, ile yenye bendera ndogo mezani. Wakaiamuru kompyuta iisome picha hiyo. Siku ya kwanza, sitaki kuficha, hali ilikuwa mbaya: megabaiti kumi na moja kwa sekunde, yaani nilijitokeza kwanza nywele, kisha paji la uso, na kidevu kilifika wataalamu wameshakwenda kula. Wakaisoma tena picha ile ile. Ndugu wananchi, sikilizeni kwa makini. Mara ya pili, bila kubadilisha hata skrubu moja, ikasoma megabaiti elfu moja na mia mbili. Nikatokea mzima mzima, kufumba na kufumbua. Mara ya tatu, vilevile. Tumeongeza kasi ya diski zaidi ya mara mia moja kwa njia ya kuitazama picha yangu tu. (Makofi. Viti vya mito vinasimama. Mama mkwe anavaa miwani na kumtazama mkwewe vizuri.)

(Sauti kutoka nyuma: "Mlijaribu kufungua faili jingine?")

Swali zuri sana, na nalipongeza. Kufungua faili jingine hakukuwemo katika hadidu za rejea. Lakini nitatoa mfano kwa faida ya wasio wataalamu. Nina binti yangu darasa la kwanza. Kitabu chake cha kusomea kina ukurasa wa mbuzi. Mwanzoni alikuwa anasoma ukurasa huo kwa taabu, neno moja kila baada ya kukuna kichwa. Leo anausoma mbio, bila kukwama, hata akikishika kitabu juu chini, hata kitabu kikiwa kimefungwa, hata kikiwa kimesahaulika shule. Hiyo ndiyo kasi ninayoizungumzia. Kompyuta nayo imefikia kiwango cha binti yangu. (Vicheko vinaanzia nyuma vinakuja mbele. Mkurugenzi anatabasamu na kuinua mkono kuvipokea.)

(Mama mkwe, bila kunyanyua sauti: "Huyo mtoto hajui kusoma. Amekariri. Nimewaambia nyumbani.")

Mama, shikamoo tena. Tutalizungumza nyumbani.

Naomba ukurasa. (Tik, tik, tik. Safari hii mlio ni mkali zaidi. Mshonaji anaweka mkono kifuani. "Jamani, kila mkiifungua inazidi kugonga. Haikuwa inagonga hivi nilipoileta. Itanifia.") Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema, na ndiyo maana Idara yangu imetembea mikutano mingi kuuelezea mradi huu... samahani, sentensi hiyo ilitakiwa kuishia kwingine, Katibu utairekebisha.

Sasa nafikia kiini. Baada ya kupima, kuboresha. Wataalamu wetu walijiuliza: kwa nini diski inachelewa kusoma? Wakafanya wakshopu ya siku kadhaa mahali penye utulivu na bwawa la kuogelea, wakarudi na jibu ambalo mimi binafsi lilinitoa machozi kwa urahisi wake. Diski inachelewa kwa sababu ina vitu vya kusoma. (Anasubiri makofi. Yanakuja, machache.) Tumefungua ndani ya mashine hii tukakuta shehena ya kutisha: viuno, mabega, urefu wa mikono, michoro ya kola, mtoto huyu bega moja limeshuka, yule ana haraka ya kurefuka mwachie pindo. Vipimo vya watu wa miaka na miaka. Hakuna diski inayoweza kukimbia na mzigo huo mgongoni. Kompyuta isiyo na kitu cha kusoma haiwezi kuchelewa kukisoma, na hapo ndipo teknolojia ilipofikia. Kwa hiyo, kama ishara ya uzinduzi rasmi, mara baada ya kaulimbiu nitabonyeza kitufe hiki mbele yenu, na kila kilichomo humu kitafutwa, ili mama mshonaji akabidhiwe kompyuta nyepesi, safi, yenye kasi ya karne hii.

(Mshonaji anapita katikati ya viti kuja mbele. "Mheshimiwa, naogopa. Nakuomba kama ndugu yako. Mashine ya polepole niliizoea. Naiwasha nikipiga pasi, nikimaliza pasi nayo imeshawaka. Sikuleta ili mnifutie. Hao watoto wataingia darasani na nini?")

Mama, mabadiliko yanaumiza, naelewa, hata mimi nilipobadilishiwa kiti cha ofisi niliumwa kiuno kwa muda. Lakini hatuwezi kurudisha nyuma gurudumu la kasi kwa sababu ya pindo za sketi. Wote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema diski, mnajibu kasi. Diski!

(Viti vya mito: "Kasi!")

Kompyuta!

("Kasi!")

Huduma kwa mwananchi!

(Mtu mmoja nyuma: "Polepole.")

Asanteni kwa mwamko huo. Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, nabonyeza. (Anabonyeza. Kwenye kioo duara dogo linazunguka. Tik. Tik. Linazunguka.) Katibu, vipi? (Katibu: "Inafikiria, Mheshimiwa.") Imefuta ngapi? (Katibu: "Bado haijaanza. Inaandaa orodha ya vya kufuta. Imeandika hapa tusubiri.") Basi ndugu wananchi, wakati kasi inajiandaa, nitawasomea ukurasa wa mwisho. Katibu, ukurasa. (Katibu: "Nao umekwama humo humo, Mheshimiwa.")

(Mama mkwe anasimama. Anafunga mkoba wake. Ukumbi unajua mahali mtu anapofika ambapo cheo hakimsaidii, na hapo ndipo Mkurugenzi amefika. "Baba, nikuulize. Gauni langu la arusi ya shemeji yako, kipimo chake nacho kimo humo?")

Mama... kwa taarifa niliyonayo... kimo.

("Alinipima akiwa amepiga magoti, maana siwezi kusimama muda mrefu. Sirudii.")

Hapana, Mama. Hapana kabisa. Hurudii. Ndugu wananchi, Idara yangu ni sikivu, na kwa kuzingatia maoni ya wadau wakuu, yaani mdau mkuu, zoezi la kufuta limeahirishwa hadi... Katibu, mwambie isimame. (Katibu anabonyeza kila kinachobonyezeka. Duara linazunguka. Mshonaji ameshapanda jukwaani. Anafuata waya kwa mkono hadi ukutani, anauchomoa. Kioo kinazima. Mlio unakatika. Mshonaji anaipapasa kompyuta kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso, anaibeba kifuani; kioo kinachukuliwa na mama mkwe. Kisha mshonaji anakumbuka kitambaa chake cha bluu, ambacho ni sketi nane zisizokatwa, anakivuta. Maboksi yote yanaanguka. Hayatoi kishindo. Moja linapeperushwa na feni hadi miguuni pa Mwenyekiti.)

Sawa. Sawa. Naomba utulivu. Hapa palikuwa na ukurasa wa shukrani, sasa umeondoka na mashine, kwa hiyo nitashukuru kutoka moyoni, jambo ambalo sijalifanya tangu niteuliwe. Nimshukuru fundi seremala aliyetengeneza mlango huu mzuri na kuupigilia misumari ukutani, na niwaombe wenye mkasi msiukate utepe kwa nguvu, maana nyuma ya mlango ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni choo cha ukumbi. Nimshukuru muuza balbu wa hapo nje kwa kutuazima maboksi, na anayahitaji kabla hajafunga duka. Niwashukuru wataalamu wetu wote, naye ni Katibu. Kituo nilichokuja kukizindua, ndugu zangu, hakijawahi kuwepo, kilikuwa kwenye hotuba, na hotuba ilikuwa kwenye kompyuta ya mama mshonaji, ambayo ndiyo mnayoiona inatokea mlangoni sasa hivi, kioo kimebebwa na mama mkwe wangu, na tafadhali kijana wa mlangoni, wapishe wapite.

Wale mnaoelekea upande wao naomba muwasindikize na muwashikie kitambaa kisiburuzwe. Huo ndio mradi mzima. Asanteni kwa kunisikiliza.